Paa la nyanya na herufi za Kikorea

Nilipoanza kujifunza Kikorea, herufi zenyewe hazikunimalizia wiki. Hangeul, yaani alfabeti ya Kikorea, ina konsonanti 14 na irabu 10 za msingi, na Mfalme Sejong alipoitangaza mwaka 1446 alitaka hata mtu wa kawaida aijue upesi. Kilichonisaidia ni kwamba maumbo yanafuata kinywa: ㄴ ni ulimi uliopanda kugusa nyuma ya meno, ㅁ ni mdomo. Nilitamka huku nachora. Hata ㅇ, ambayo mwanzoni mwa silabi ni bubu na mwishoni ni ng', haikunisumbua, maana ng' ya ng'ombe tunayo tangu utotoni.

Nilikwama kwenye 불, 풀 na 뿔: moto, majani, pembe. Masikioni mwangu zote zilikuwa "pul". Nilisikiliza rekodi usiku baada ya usiku, nikakaribia kukata tamaa.

Likizo nikaenda kwa nyanya yangu, Mombasa. Alikuwa akilalamikia paa linalovuja, nami nikakumbuka kitu.

"Nyanya, hebu sema paa la nyumba."

Akasema.

"Na yule paa wa mwituni?"

Nilimshikia kipande cha karatasi mbele ya midomo. Kwa paa la nyumba karatasi ilitulia. Kwa mnyama ikapepea.

"Hayo ni maneno mawili, mwanangu. Kwani wewe huyasikii?"

Nimelelewa Nairobi, nilikuwa siyasikii.

Basi 풀 ni p ya paa wa mwituni. 뿔 haina pumzi kabisa, na koo hubanwa kabla sauti haijatoka. 불 ina pumzi kidogo, ila toni ya sauti huanzia chini, na huko chini ndiko nilikokuwa sikusikilizi. Baada ya hapo 달, 탈 na 딸, yaani mwezi, kinyago na binti, zilijipanga zenyewe.

Silabi zinazoishia kwa konsonanti bado nazifanyia kazi. 밥, wali, nilikuwa naitamka "bapu", kwa mazoea yetu ya kumalizia neno kwa irabu. Sasa nafumba midomo na kuiacha imefumbwa.

Kabla ya kuondoka nilimwandikia nyanya maneno yake kwa Hangeul: 빠아 la nyumba, 파아 wa mwituni. Kwa herufi tulizozoea yanafanana, hapa yametengana. Akayafuatisha kwa kidole, akayasoma kwa sauti, kisha akanisogezea kalamu nimwandikie na kaa la moto na kaa wa baharini.