Wi-Fi Inapogoma Kwenye Linux: Isome Kadi Kabla ya Kununua Bando

Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, na vilevile Malaba na Busia, laptopu nyingi tunazotumia zilikwisha kufanya kazi ng'ambo kwa miaka kadhaa kabla ya kutufikia. Ni mashine imara, na mara nyingi zinachukua mifumo ya Linux kama Ubuntu, Debian au Linux Mint bila shida yoyote: skrini inawaka vizuri, sauti inatoka, kibodi inaitika. Kinachobaki kugoma ni Wi-Fi. Hapo mwenye laptopu huambiwa na fundi kwamba Linux haina Wi-Fi na arudi Windows, au huanza kunakili amri za watu asiowajua kutoka kwenye simu, akipakua kifurushi hiki na kile mpaka bando liishe na tatizo libaki palepale. Kila megabaiti tunainunua kwa fedha yetu, na tangu Julai 2021 bei yake imebeba ushuru wa asilimia 12. Kwa sababu hiyo naona ni muhimu sana watu wajue kwamba kompyuta yenyewe karibu kila mara imeshaandika kosa lake mahali fulani, na kwamba kuyasoma maandishi hayo hakugharimu hata shilingi moja.

Swali la kwanza ni chipu gani imo ndani ya kadi ya Wi-Fi. Jina la laptopu halikujibu swali hilo, kwa sababu modeli moja ya HP au Lenovo inaweza kuuzwa na kadi za makampuni tofauti. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike `lspci -nnk`, kisha utafute mstari wa kifaa cha mtandao usiotumia waya. Utaona jozi ya namba ndani ya mabano ya mraba: nusu ya kwanza ni mtengenezaji, nusu ya pili ni modeli ya chipu. 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros. Kwa kadi za USB, amri ni `lsusb`, na huko Realtek hujitambulisha kwa 0bda. Chini ya mstari huo `lspci` huonyesha pia draiva, yaani programu inayoendesha kadi, inayotumika kwa wakati huo. Ikiwa hakuna draiva iliyotajwa, umeshajua kwamba kadi inaonekana lakini hakuna aliyeishika. Ukitafuta msaada, tafuta kwa namba hizo. Mtu anayeuliza kwa nini Wi-Fi ya HP haifanyi kazi atapata majibu mia moja yasiyomhusu, ilhali anayeuliza kuhusu 14e4:4315 atapata jibu lake.

Kabla sijaendelea, nieleze namna ya kupata intaneti wakati Wi-Fi imekufa na nyumbani hakuna kebo ya ruta, maana wengi hukwama hapo. Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, uingie kwenye mipangilio ya simu, uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Keneli, yaani kiini cha Linux, ina draiva za kazi hiyo tayari, kwa hiyo baada ya sekunde chache utaona muunganisho wa waya umejitokeza wenyewe. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba simu nyingi, zikiwa zimeunganishwa na Wi-Fi ya jirani au ya ofisi, hupitisha Wi-Fi hiyohiyo kwenye kebo, hivyo simu inakuwa kadi ya muda ya laptopu na bando lako haliguswi.

Sasa tuje kwenye famuwea, yaani programu ndogo ambayo draiva huipakia ndani ya chipu kila mashine inapowaka. Draiva inaweza kuwapo na bado kadi ikawa kimya kwa sababu faili hilo halipo. Andika `sudo dmesg | grep -i firmware`, na kwenye kadi ya Intel unaweza kukutana na mstari kama huu: `Direct firmware load for iwlwifi-8265-36.ucode failed with error -2`. Kosa -2 lina maana moja tu, kwamba faili halikupatikana. Lakini usikimbilie kupakua chochote baada ya kuuona mstari mmoja wa aina hiyo. Draiva ya iwlwifi huomba kwanza toleo jipya kabisa la famuwea inayolijua, likikosekana hushuka hadi la chini yake, kisha la chini zaidi, na kila hatua huandika kosa hilohilo; nimeona watu wakihangaika na mistari mitano ya -2 kwenye mashine ambayo mstari wake wa sita ulisema kwamba famuwea imepakiwa salama. Mstari wa kuhofia ni ule unaosema `no suitable firmware found`. Hapo ndipo unahitaji faili, na unahitaji faili moja, si kifurushi kizima cha linux-firmware ambacho kwenye Ubuntu kina mamia ya megabaiti. Faili la chipu yako lina megabaiti chache tu. Unaweza kulichukua peke yake kwenye hazina ya linux-firmware iliyoko kernel.org, ukaliweka ndani ya `/lib/firmware`, kisha ukawasha mashine upya. Wanaotumia Debian wamepunguziwa mzigo huu tangu toleo la 12 la mwaka 2023, kwa kuwa baada ya kura ya wanachama wake mwaka 2022 famuwea zisizo huria, yaani zile ambazo msimbo wake haukuwekwa wazi, ziliruhusiwa kuwekwa ndani ya diski rasmi ya kusakinishia.

Broadcom inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu kadi zake bado zimejaa katika laptopu za zamani za Dell, HP na Apple. Kampuni hiyo kwa muda mrefu haikutoa maelezo ya chipu zake, kwa hiyo watu wa kujitolea waligawana kazi: kundi moja lilichunguza draiva ya kampuni na kuandika jinsi chipu inavyofanya kazi, kundi lingine likaandika draiva mpya kwa kusoma maelezo hayo peke yake. Matunda yao yaliingia kwenye keneli 2.6.17 mwaka 2006, na draiva iliyofuata, b43, ikaingia kwenye 2.6.24 mwaka 2008. Septemba 2010 Broadcom yenyewe ilitoa draiva huria, lakini kwa baadhi tu ya chipu. Mbali na hizo ipo draiva ya kampuni iitwayo wl, isiyo huria. Nawaheshimu sana walioandika b43, na ninapoweza huitumia hiyo, ingawa inadai famuwea inayochopolewa kwa chombo kiitwacho b43-fwcutter. Kosa la kawaida ni kuwa na b43 na wl kwenye mashine moja, zikigombea kadi moja: leo inafanya kazi, kesho haionekani. Chagua moja, uifungie nyingine kwenye orodha ya kuzuiwa ndani ya `/etc/modprobe.d`. Na kama umechagua wl kwenye Ubuntu, angalia kwanza ndani ya flashi uliyosakinishia, kwenye folda ya `pool/restricted`, kwa sababu matoleo mengi ya Ubuntu huja na kifurushi cha bcmwl, chenye draiva hiyo ya wl, humo humo na huna haja ya intaneti kabisa.

Realtek ina tabia zake. Muuguzi mmoja kijana aliniletea HP yake akasema, "Mwalimu, hii Wi-Fi inashika nikiwa mlangoni pa ofisi tu, nikirudi kwenye meza inapotea." Nilimwomba aiweke laptopu pale mezani, hatua chache kutoka kwenye ruta, nikaandika `iw dev` kujua jina la kadi, kisha amri ya kupima nguvu ya mawimbi, nikaona -83. Kipimo hicho huandikwa kwa namba hasi, na kadiri kinavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. -83 karibu na ruta ni dalili kwamba antena haisikii. Chipu ilikuwa RTL8723BE. Kadi hii ina sehemu mbili za kuchomeka antena, lakini HP iliweka waya mmoja tu kwenye laptopu zake nyingi, na draiva ikikisia upande usio na waya, kadi inasikiliza kwa sikio lililozibwa. Nilitoa draiva kwa `sudo modprobe -r rtl8723be`, nikairudisha kwa `sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2`, tukasubiri iunganishe tena, na kipimo kikapanda hadi -48. Yule dada alikuwa ameshashauriwa na mtu mwingine anunue kadi mpya. Ili mabadiliko yabaki, mstari `options rtl8723be ant_sel=2` huwekwa kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d`; kama 2 haisaidii, jaribu 1.

Swichi za kuzima redio ni jambo la haraka. Andika `rfkill list`. Kama imezimwa kwa programu, `rfkill unblock wifi` inatosha. Kama imezimwa kwa swichi halisi, tafuta kitufe pembeni mwa laptopu, hasa kwenye ThinkPad za zamani, au kitufe cha ndege kwenye safu ya F. Na kama mashine ina Windows pia, zima kule Windows ule uwashaji wa haraka (Fast Startup), kwa sababu haizimi mashine kikamilifu na kadi inaweza kuachwa katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha.

Kuna wanaolalamika kwamba Wi-Fi ilifanya kazi vizuri mpaka waliposasisha mfumo. Karibu wote wana draiva iliyojengwa nje ya keneli, ambayo lazima ijengwe upya kila keneli inapobadilika. Chombo kiitwacho DKMS huifanya kazi hiyo chenyewe, mradi vichwa vya keneli mpya, yaani faili zinazohitajika kujengea draiva, vipo. Kwenye Ubuntu hakikisha linux-headers-generic imesakinishwa, na uwe nayo kabla ya kusasisha, si baada ya kupoteza Wi-Fi. Ukiona ujumbe `Key was rejected by service`, draiva imejengwa sawasawa lakini Secure Boot, kinga ya mashine inayokubali programu zenye saini tu, imeikataa kwa kuwa haina saini inayotambulika. Unaweza kusajili ufunguo wako wakati mashine inawaka, au kuizima Secure Boot. Mimi napendelea kusajili ufunguo, kwa sababu kinga hiyo ina maana yake.

Kadi ikishaamka na orodha ya mitandao ikaonekana, matatizo yanayobaki ni ya chombo cha kuunganisha, na hapa `nmcli device status` ndiyo amri ninayoanza nayo. Ikikwambia kwamba kadi haisimamiwi, fungua `/etc/network/interfaces`. Debian iliyosakinishwa kwa Wi-Fi mara nyingine huacha jina la kadi humo, na NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho, huheshimu faili hilo kwa kuiacha kadi peke yake. Mashine ikikuuliza nenosiri tena na tena ilhali nenosiri ni sahihi, angalia kama wpa_supplicant na iwd, programu mbili zinazofanya kazi ileile ya kuingia kwenye Wi-Fi, zote mbili zinaendeshwa kwa wakati mmoja. Kwenye kadi za USB, sababu huwa mara nyingi ni kubadilisha anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi, wakati wa kutafuta mitandao, jambo ambalo baadhi ya draiva haziliwezi. Tengeneza faili ndani ya `/etc/NetworkManager/conf.d`, uandike `[device]` na chini yake `wifi.scan-rand-mac-address=no`.

Wi-Fi ya vocha, ile tunayolipia kwa siku kwenye vituo vya biashara, ina mitego miwili. Ukurasa wa kuingiza namba ya vocha haufunguki ikiwa umejiwekea DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) yako mwenyewe, kwa sababu ruta inategemea kuyakamata maswali yako ya kwanza. Irudishe DNS ya ruta, kisha ufungue anwani yoyote inayoanza na http isiyo na s. Na kama umeamuru MAC ibadilike kwa kila muunganisho, vocha iliyofungwa kwenye anwani ya jana haitakutambua leo.

Kwenye eduroam, Wi-Fi ya vyuo na taasisi za utafiti ambayo hapa Uganda huendeshwa na RENU, mtandao wa taasisi hizo, angalia saa kabla ya kitu kingine. Laptopu iliyotumika miaka mingi mara nyingi betri yake ndogo ya ubao mama imekufa, saa inarudi nyuma miaka kadhaa, na kila cheti cha usalama kinaonekana bado hakijaanza kutumika. `timedatectl` itakuonyesha. Kama saa ni sahihi na unatumia Ubuntu 22.04 au mpya zaidi, soma `journalctl -u wpa_supplicant`: OpenSSL 3, programu ya usalama wa mawasiliano, inakataa njia za zamani za kusalimiana na seva, na seva ambayo haijasasishwa itakataliwa hata kama simu yako inaingia bila shida. Nakili mstari huo umpelekee msimamizi wa mtandao wa taasisi yako, kwa sababu tiba yake iko upande wa seva.

Ikibidi ununue kadi ya USB, nenda dukani na laptopu yako, na umwombe muuzaji kwa heshima akuruhusu kuichomeka kabla ya kulipa. Boksi halitoshi. TP-Link TL-WN722N toleo la kwanza ina chipu ya AR9271 ya Atheros, ambayo draiva yake ni huria na hata famuwea yake imewekwa wazi. Toleo la pili na la tatu, kwa jina lilelile, zina RTL8188EUS ya Realtek, ambayo imesumbua watu wengi. Chomeka, andika `lsusb`. Ukiona 0cf3:9271, ni ile ya Atheros. Ukiona 2357:010c, ni ile ya Realtek, na bei yake isilingane na ya kwanza.