Nilivyozuia tope na mbolea ya shamba langu kuingia kwenye ardhioevu

Shamba langu linateremka hadi kwenye ardhioevu yenye matete. Nilipoanza kulilima, mtaro mmoja ulilipasua katikati na kumwaga maji yote huko chini. Pale ulipoishia, maji yalikuwa kijani kwa mwani, ilhali pembeni kidogo yalikuwa maangavu. Nikajua pa kuanzia.

Mvua ilipokuwa inanyesha, nilikinga maji ya mtaro kwenye chupa ya kioo nikayaacha yatulie hadi asubuhi. Chini palikuwa na tope laini, nene kama kidole. Tope hilo ndilo hubeba fosforasi, kirutubisho kimojawapo cha mbolea, maana hushikamana na chembe za udongo, na miligramu 0.1 tu za fosforasi kwa lita zinaweza kustawisha mwani kwenye maji yaliyotuama. Mwani ukifa, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni, samaki wakakosa pumzi.

Kwa hiyo nililima kwa kufuata kontua, yaani kukatiza mteremko kwa mistari iliyo sawa kimwinuko, nikaacha ukanda mpana wa nyasi kati ya mazao na matete, na mtaro nikauzibia upande wa juu wa ukanda huo ili maji yatawanyike. Hapa ndipo penye kazi. Maji hutafuta penye bonde, na yakishachimba njia moja hupita kama vile nyasi hazipo. Ilinibidi nisawazishe ukingo wa juu wa ukanda, na kila baada ya mvua kubwa naukagua na kujaza palipochimbika.

Naitrojeni, kirutubisho kingine cha mbolea, haizuiliki hivyo. Ikiwa katika umbo la naitreti huyeyuka na kuzama na maji ardhini, kwa hiyo dawa yake ni kipimo na wakati. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, na mimea michanga haiwezi kuzitumia zote kwa mkupuo. Naigawa mbolea kwa awamu, naifukia, na nikiona dalili za mvua kubwa nasubiri. Samadi nayo naihesabu, kwani nayo ni mbolea.

Wapo wanaosema ardhioevu itajisafisha yenyewe. Kwa naitreti kuna ukweli: bakteria wa kwenye tope lisilo na oksijeni huigeuza kuwa gesi ikaondoka. Fosforasi haina njia hiyo. Hujilimbikiza chini na inaweza kurudi majini oksijeni ikipungua. Ndiyo maana siukubali utetezi huo, na ndiyo maana mwani haujaisha pale mtaro ulipokuwa unamwaga, ingawa sasa chupa yangu hubaki na utando mwembamba tu wa tope.

Nyasi za ukanda nazikata na kuwapelekea mifugo zizini. Zikiachwa zioze hapohapo, virutubisho zilivyovinasa vitaishia majini.