Kifungo cha Kofia ya Abiria

Agosti 2021 nilikuwa na mwaka wa tatu kwenye bodaboda. Kijiwe chetu kilikuwa Mpunguzi, Dodoma, barabara ya Iringa, na msimu wa zabibu ulikuwa umekolea. Akina mama walitaka kuwahi soko la Majengo kabla jua halijaziharibu, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri simu ilikuwa tayari inaita.

Mama niliyembeba siku ile namfahamu tangu utoto. Nilisoma darasa moja na mwanawe. Tuliamkiana, nikaifunga ndoo yake ya zabibu kwenye keria kwa mpira, kisha nikampa kofia.

Nilikuwa na kofia ngumu mbili, yangu na ya abiria, kama tunavyotakiwa. Yangu ilikuwa nzima. Ile ya abiria kifungo chake kilikuwa kimevunjika jino tangu Juni, na kamba zake zilining'inia tu, ncha zimechakaa zimekuwa kama ufagio. Mama akazishika, akazigeuzageuza kwenye mwanga wa taa ya pikipiki.

"Mwanangu, hii inafungwaje?"

"Ivae tu hivyo hivyo mama, haina neno."

Akaivaa juu ya kilemba, akazikusanya kamba zote mbili chini ya kidevu kwa mkono mmoja, vile wanawake wanavyoshika khanga kwenye upepo. Na upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane unajulikana. Mkono wa pili ukashika jaketi langu.

Njiani trafiki walitusimamisha. Wakaangalia leseni, bima, wakaona vichwa viwili vina kofia, wakaturuhusu. Siwalaumu hata kidogo, maana pale walipo kifungo hakionekani. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, imenizidi umri, na mimi nilikuwa nimeielewa kwa namna moja tu: faini. Bajeti ya mwaka ule ilikuwa imeishusha kwa pikipiki kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na kijiweni tulishangilia. Lakini hata elfu kumi kwangu ilikuwa hesabu nzima ya siku niliyompelekea tajiri, mwenye pikipiki. Kwa hiyo mimi nilivaa kofia kwa ajili ya trafiki, na mama wa watu akavaa kwa ajili yangu.

Mbuzi wawili walivuka mbele yetu, nikapunguza mwendo, wakapita. Wa tatu alitokea vichakani nikiwa nimeshavuta mafuta tena. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka mlio tu, ndani ya masikio, kama kibuyu kinachopasuka: kichwa changu kwenye lami.

Nikainuka. Kitu cha kwanza kukiona ilikuwa ile kofia ya abiria. Ilikuwa mbele yetu sote, katikati ya barabara, bado inazunguka taratibu, haina mtu. Halafu zabibu, zimetapakaa kila mahali. Halafu mama.

Hospitali walinishona kiwiko, basi. Daktari mmoja kijana aliichukua kofia yangu, akaipindua, akavuta kitambaa cha ndani. Chini yake kuna sponji gumu jeupe, kama lile linalozunguka televisheni mpya kwenye boksi. Upande wa kulia lilikuwa limebonyea, nyufa zimetawanyika. Akanishika kidole gumba, akakiweka kwenye lile bonde.

"Hapa ndipo kichwa chako kilipoponea," akasema. Akanieleza kwamba sponji likikubali kubonyea, ubongo haukatishwi mwendo ghafla, na kwamba kazi hiyo linaifanya mara moja tu, nisiivae tena. Kofia, akasema, inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia kama 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia kama 69. Kisha akaongeza polepole: "Ikivaliwa na kufungwa."

Mama alikaa wodini wiki tatu. Yu hai, namshukuru Mungu kila siku. Anatembea, anapika, ila mkono wa kushoto hauna nguvu tena na majina yanampotea. Mimi huniita kwa jina la mwanawe, na huwa naitika.

Niliporudi kijiweni nilikuta kofia ya abiria ya mwenzangu ina ugonjwa ule ule. Sikumwomba ruhusa. Niliichukua, pamoja na kofia yangu iliyopasuka, nikampelekea fundi viatu. Akakikata kifungo kizima cha ile yangu, akakishonea kwenye ile ya mwenzangu kwa uzi wa nailoni, akaupitisha mara tatu. Akakivuta kwa nguvu, kikashika. Hazikufika dakika kumi.

"Elfu moja," akasema.

Kibanda chake kiko chini ya mwarobaini, hatua kama ishirini kutoka pale nilipokuwa naegesha pikipiki tangu Juni.