Gari la 1/5: usukani uliogoma, na kilichoua sevo

Hali ya mradi kwa sasa: gari langu la rimoti linatembea, linakata kona pande zote mbili, na sevo, ile mota ndogo yenye gia inayogeuza usukani kwa amri ya rimoti, haichemki. Kufika hapa kumekula muda kwa sababu sevo mpya peke yake isingetosha. Ningeifunga juu ya tatizo lilelile, nayo ingeungua. Naandika yote humu kabla sijasahau vipimo.

Kwa ambao hawajaliona: ni gari la kipimo cha 1/5, yaani moja ya tano ya gari halisi, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, injini ya petroli ya sisi (cc) 26, jamii ileile ya injini za chenso. Petroli inachanganywa na oili ya 2T, sehemu 25 kwa 1. Likiwa na mafuta linakaribia kilo 11. Nililinunua likiwa limeshatumika, likaja Mwanza kwenye buti la basi. Umeme wake ni kidogo tu: betri, risiva inayopokea mawimbi ya rimoti, na sevo mbili, moja ya usukani na nyingine inavuta kabureta na breki. Betri ni LiFe, aina mojawapo ya lithiamu, ya seli mbili, 6.6V, ikijaa kabisa inacheza kwenye 7.2V.

Luchelele

Nilikuwa nalikimbiza ufukweni Luchelele, pembeni ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, kwenye ule mchanga mgumu ulioloa karibu na maji. Likakata kushoto, likagoma kurudi. Tairi za mbele zimelala kushoto kabisa, gari linazunguka duara, na kila duara linasogea upande wa nyavu walikoanika dagaa. Nikakamata breki, likasimama. Nikaenda kuizima injini kwa kitufe.

"We baba," mama mmoja akaniita, mkono kiunoni, "hilo ligari lako likiingia kwenye dagaa wangu utawanunua wote, pamoja na mchanga wao."

"Shikamoo mama. Samahani, usukani umekufa."

"Marahaba. Basi likafie mbele huko."

Alikuwa na haki. Kilo 11 za chuma na petroli zikikosa usukani si mchezo. Na hapa niseme jambo ambalo wengi hawaliangalii: ule ulinzi wa risiva unaokamata breki mawimbi ya rimoti yakikatika haukusaidia kitu, wala haukutakiwa kusaidia. Mawimbi yalikuwepo. Risiva ilikuwa inasikia kila nilichosema, ila usukani ndio ulikuwa haujibu. Breki ilishika kwa sababu nilikuwa naangalia gari na kidole kilikuwa pale.

Breki hiyohiyo ndiyo iliyonipa jibu la kwanza. Kama breki imeshika, basi betri ina moto, risiva iko hai na rimoti inafika. Nusu ya watuhumiwa wameshaachiwa kabla sijafungua hata skrubu moja.

Mezani

Tanki tupu, injini baridi, gari juu ya kreti la soda ili tairi zote ziwe hewani.

Kwanza nilibadilisha chaneli, yaani soketi ya risiva inayotoa amri kwa kila sevo. Sevo zote zinaongea lugha moja: mapigo ya umeme kama 50 kwa sekunde, upana wa pigo ndio amri. Milisekunde 1.5 ni katikati, kuelekea 1 ni upande mmoja, kuelekea 2 ni upande mwingine. Kwa hiyo sevo ya usukani ukiichomeka kwenye chaneli ya mafuta inapaswa kucheza ukivuta kidole. Haikucheza. Nikachomeka sevo nzima kwenye chaneli ya usukani, ikacheza vizuri. Chaneli nzima, sevo mbovu. Nikaukunjakunja waya wake pale unapoingilia kwenye kasha, maana mara nyingi hukatikia ndani ya mpira huku nje unaonekana mzima. Bado kimya.

Nikaifungua. Skrubu nne ndefu kutokea chini, harufu ya kuungua ikatangulia. Gia za chuma zote zina meno yake. Mota nikaikata kutoka kwenye bodi, nikaigusisha na betri mbili za tochi, ikazunguka bila kusitasita. Potensiometa, ile voliyumu ndogo inayoiambia bodi mkono uko wapi, nikaipima kwa mita huku naizungusha taratibu: omu zinapanda na kushuka bila kuruka. Kilichobaki ni bodi yenyewe, na pale kwenye mosfeti, swichi ndogo za kielektroniki zinazopeleka moto kwenye mota, kulikuwa na doa la kahawia, dogo kuliko punje ya mchele, na moja imepasuka ufa katikati.

Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na tochi ya simu.

"Mjomba, si ununue tu nyingine?"

"Nitanunua. Lakini kwanza nijue hii imeuawa na nini."

Mosfeti haipasuki bila sababu. Nilipima omu za mota, nikatoa zile za waya za mita, ikabaki kama 1.3. Mota ikiwa inazunguka hujitengenezea upinzani wake, inakunywa umeme kidogo. Ikizuiwa isizunguke, kinachobaki ni hizo omu tu: 6.6 gawanya kwa 1.3, ampea 5 na ushee, na zinaendelea muda wote ambao mota inasukuma pasipo kwenda. Kwa bodi ndogo iliyofungiwa ndani ya kasha lisilopitisha hewa, hiyo ni hukumu.

Basi swali likahama kutoka kwenye sevo kwenda kwenye kilichokuwa kinaizuia.

Mchanga wetu

Nikachomoa fimbo ya sevo, nikazungusha tairi za mbele kwa mkono. Zilitakiwa kwenda kwa kidole kimoja. Zilikuwa nzito, na kabla ya kufika mwisho upande wa kushoto zinakwama, unasukuma, zinaachia kwa mkwaruzo.

Kwenye magari haya kati ya sevo na tairi kuna springi ya kinga. Ni mikono miwili iliyokaa pamoja kwenye pini moja, springi inaibana. Mmoja umeshikwa na sevo, mwingine na tairi. Tairi ikigonga jiwe, mikono inaachana kidogo, springi inameza kishindo, sevo inabaki salama. Yangu nilipoifungua ilikuwa imegeuka kipande kimoja. Mchanga wa ufukwe wetu si ule laini wa pwani. Huu ni mawe haya haya ya Mwanza yaliyomomonyoka, punje kubwa zenye kona kali, na ukizisugua kwenye kidole unasikia zinakwangua. Zilikuwa zimejaa kwenye grisi kati ya mikono miwili, na pini ya chuma imeota kutu hadi imebana bushi. Maji ya ziwa hayana chumvi, lakini kutu haiulizi chumvi.

Kwa hiyo sevo ilikuwa inabeba mizigo miwili kwa pamoja: usukani mzito muda wote, na kila jiwe likigongwa kishindo kinakuja mzimamzima. Siku ile ilikwama kushoto, mota ikaendelea kusukuma, mosfeti ikapasuka.

Bushi mpya mbili za shaba nilichongewa na fundi tona Nyakato, pamoja na pini ya chuma kisichoshika kutu. Nilimpelekea ya zamani kama kipimo, akaikataa: "Hii imeshaliwa, ukinipa hii kama kipimo nitakuchongea ubovu." Akapima tundu. Bushi ziliingia kwa kusukuma na kidole gumba, bila nyundo, na mkono unaanguka wenyewe ukiuachia.

Kuhusu grisi, najua nitabishiwa: sehemu hiyo siwekei tena. Grisi kwenye mchanga ni sumaku, na shaba juu ya pini laini inatosha kwa kazi hii. Badala yake nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakivalisha kuzunguka pini juu na chini, kikabanwa na vifungo vya plastiki. Kila baada ya kutoka ufukweni nakivua, napuliza kwa pampu, narudisha.

Kufufua ya zamani

Sevo mpya ikiwa bado njiani, nilimpelekea bodi fundi wa laptop mitaa ya Makoroboi. Alisoma namba ya mosfeti kwa kioo cha kukuza, akachimba kwenye rundo la bodi mbovu, akapata inayolingana, akaibadilisha kwa bunduki ya hewa ya moto. Sevo ikaamka! Nilifurahi mpaka ilipopata joto: katikati yake ikaanza kuhama polepole, tairi zinaelekea kulia zenyewe rimoti ikiwa imetulia.

Mpwa akapendekeza tuihamishie kwenye kabureta, maana kule nguvu haihitajiki sana. Hapana. Usukani ukihama gari linapinda. Kabureta ikihama, gari linaongeza mwendo lenyewe. Imebaki ya mezani, ya kupimia chaneli.

Kuna jirani aliyenishauri nitumie mota ya waipa ya gari na potensiometa ya nje. Inawezekana kabisa kuitengeneza, na ina nguvu za kutosha kugeuza hata toroli, ila ni nzito na polepole. Gari likiwa kwenye kasi unataka tairi zifike upande wa pili ndani ya sehemu ya sekunde.

Sevo mpya

Iliagizwa kupitia wakala Kariakoo, ikapokelewa stendi ya Nyegezi. Kasha la alumini, gia za chuma, nguvu ya kilo 40 kwenye mkono wa sentimita moja, inakubali 6V hadi 8.4V. Maana ya hiyo namba: kwa mkono wa sentimita 2.5 inasukuma fimbo kwa nguvu ya kilo 16. Inatosha na chenji inabaki.

Mkono wa zamani haukuingia. Shina la ile ya kwanza lina meno 24, hili lina 25, na kwa macho huoni tofauti. Unaingia kidogo, unashawishika kugonga. Ukigonga umeshakula meno. Bahati kwenye boksi ulikuwemo mkono wake, nikautoboa tundu kwa umbali uleule wa 2.5.

Kisha ikaja habari ya moto. Sevo kubwa inakunywa zaidi, na waya wa swichi uliokuja na gari ni mwembamba, wa kulisha risiva tu. Niliweka mita kwenye soketi tupu ya risiva, mpwa akaegemea pua ya gari tairi zikiwa kwenye sakafu ya saruji, nikakata kulia na kushoto. Kutoka 6.6 ikaporomoka hadi 5.1. Na hiyo ni mita ya kawaida, nzito kusoma. Chini yake kuna mporomoko mkali zaidi ambao haiuoni. Risiva ikikosa moto hata kwa kufumba jicho, inazima na kuanza upya, na hapo huna usukani wala breki.

Nilichofanya ni kuacha kuipitisha sevo ya usukani kwenye risiva. Waya wake mwekundu nimeuchomoa kwenye kichwa cha plastiki na kuupeleka moja kwa moja kwenye betri, kwa waya mnene na swichi ya taa za pikipiki. Waya wa mapigo umebaki kwenye risiva. Mweusi umekwenda kote kuwili, kwenye betri na kwenye risiva, na huo usiuache, kwa sababu bila hasi ya pamoja mapigo hayana pa kurejea na sevo inatetemeka ovyo. Kwenye soketi tupu ya risiva nimechomeka kapasita, kile kifaa kinachotunza umeme kidogo, ya maikrofaradi 4700, 16V, kutoka kwenye amplifaya mbovu. Angalia mstari wa hasi ubavuni kabla ya kulehemu, ukiigeuza itapasuka. Jaribio lilelile la sakafuni sasa linashuka hadi 6.3 tu.

Mwisho, mipaka ya usukani kwenye rimoti. Ampea nilipima kwa kuunga mita ndani ya waya mwekundu, tundu la 10A. Tairi hewani, usukani umetulia katikati: karibu sifuri. Kulia kabisa, kushoto kabisa, sevo inanguruma na mita inapita 3A, maana vyuma vimeshafika mwisho na sevo bado inaamriwa kwenda. Nikashusha mpaka kwa asilimia moja moja hadi mngurumo ukaisha. Kushoto imekaa 81, kulia 86. Hazilingani kwa sababu fimbo haikai wima kabisa dhidi ya mkono. Wala haidhuru, tairi zinafika zinapotakiwa.

Kilichobaki

Tanki zima limeisha kwenye uwanja wa vumbi Buhongwa, hakuna watu karibu. Nikigusa kasha la sevo ni vuguvugu tu.

Sasa nataka kizima-injini cha rimoti kwenye chaneli ya tatu. Injini hizi huzimika ukigusisha waya wa koili kwenye chuma cha injini, kwa hiyo relei ndogo, swichi inayoendeshwa kwa umeme, inatosha, ila iungwe kinyume na mazoea: ikiwa na moto iuache waya huru, ikikosa moto iugusishe. Hivyo betri ikifa au waya ukichomoka, injini inazima yenyewe. Relei ninayo. Tunachobishania na mpwa ni pa kuifunga: yeye anataka chini ya tanki kwa sababu pana nafasi, mimi nataka nyuma ya risiva, mbali na mtetemo na petroli.