Usisubiri Shingo Ikakamae

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Kama kuna jambo moja kuhusu homa ya uti wa mgongo ambalo natamani lifike kwa kila mzazi na kila muuguzi mwenzangu, ni hili: shingo ya mtoto mchanga inaweza kuwa laini kabisa na ugonjwa ukawa umeshamshika.

Darasani tulikariri dalili tatu: homa, kichwa kuuma, shingo kukakamaa. Kwa mtoto wa miaka minane zinafaa. Atakuambia kichwa kinamuuma na mwanga unamchoma macho, na ukimwomba aguse kifua kwa kidevu chake hawezi. Wa miezi minne hana maneno hayo. Yeye anakataa ziwa. Anatapika. Analala kupita kawaida na kuamka kwa shida, au analia kilio chembamba kisichobembelezeka, na akibebwa ndiyo anazidi, kwa sababu kila anapoinuliwa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, ambao ugonjwa huu huuvimbisha, unavutwa. Utosi wake, ukiugusa akiwa ametulia na ameshikwa wima, umetuna. Mchanga wa siku chache anaweza hata asiwe na homa. Mwili wake ni wa baridi na amelegea tu.

Mama akiniambia, "Sista, mtoto wangu hayuko hivi siku zote," nayaandika maneno hayo kwenye faili kama alivyoyasema. Yeye ndiye anayejua mtoto huyo hunyonyaje na huangaliaje. Mimi nimekutana naye leo.

Kuna kinachonisumbua zaidi katika sehemu zenye malaria. Kipimo kikisoma chanya, kila mtu anaona jibu limepatikana na maswali yanakoma. Lakini mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na bakteria kwenye utando wa ubongo kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo kwa degedege. Mtoto aliyepata degedege la homa kwa kawaida huzinduka, akamtambua mama yake. Asipozinduka vizuri, au likimrudia, tusiseme ni homa tu. Na mtoto aliyekwisha kupewa antibiotiki nyumbani anaweza kuja na dalili hafifu, kwa hiyo uliza ni dawa gani alipewa na lini. Uliza bila kufoka, la sivyo hutaambiwa ukweli.

Mvue nguo zote pia. Madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi ni hatari ya dakika hiyo hiyo. Kwenye ngozi nyeusi yanajificha, basi angalia viganja, nyayo, ndani ya kope na kaakaa.

Sasa nije kwenye sindano ya mgongoni, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapotukatalia. Nimeambiwa mara nyingi kwamba watoto wanaotolewa maji mgongoni hufa au hupooza. Naelewa hofu hiyo inatoka wapi: wanaochomwa ni wale walio mahututi, na baadhi yao ugonjwa unawashinda, kisha kinachobaki kwenye kumbukumbu ni sindano. Kwa hiyo namweleza mama kila hatua. Mtoto atalazwa ubavu, nitamkunja magoti yafike tumboni na kumshika imara. Sindano inaingia kati ya pingili za chini za kiuno, chini ya pale ugwe wa neva utokao ubongoni unapoishia. Tunahitaji matone machache tu. Yakiwa salama yanatoka maangavu. Yakiwa na ukungu, daktari anajua kabla hata maabara haijasema. Sukari ya damu tunapima kwanza, ili ilinganishwe na ile ya maji hayo, ambayo hushuka bakteria wanapokuwepo.

Na kweli, wapo ambao hawachomwi kwa wakati huo: mboni za macho hazilingani, mwili umejikaza isivyo kawaida, pumzi inakwenda ovyo, mzunguko wa damu umeanguka, au kuna kidonda pale pa kuchoma. Kwa hao antibiotiki inaanza mara moja. Nasisitiza hapa kwa moyo wangu wote: dawa haisubiri maji, wala majibu, wala daktari bingwa. Shaka inatosha. Antibiotiki ya seftriaksoni inapaswa kuingia ndani ya saa moja, kwa dozi ya homa ya uti wa mgongo, ambayo ni kubwa kuliko ya nimonia. Wachanga wana mpango wao, mara nyingi ampisilini na jentamisini. Hapo hapo unapima sukari, unamzuia degedege, unainua kichwa cha kitanda, unampa oksijeni ikipungua.

Siku ya tatu mtoto anaweza kuanza kucheka, na familia ikaomba ruhusa. Usikubali. Dawa huendelea siku saba hadi kumi kwa wengi, na wiki mbili hadi tatu kwa wachanga.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 6 wanaopata ugonjwa huu kutokana na bakteria, 1 hufa, na kati ya 5, 1 hubaki na madhara makubwa. Chanjo dhidi ya Hib, nimokoka na meningokoka, bakteria wanaoleta ugonjwa huu, huzuia sehemu kubwa ya mateso haya. Kamilisha kadi ya mtoto.

Madhara yanayosahaulika zaidi ni uziwi. Mtoto anaruhusiwa, anatembea, anakula, kila mtu anashukuru. Miezi inapita anaitwa mkaidi kwa kuwa haitikii. Masikio yapimwe kabla hajaondoka, au ndani ya wiki nne baada ya kuruhusiwa, kwa sababu kifaa cha ndani ya sikio, pale kinapohitajika, huwa kigumu kuwekwa mfupa ukishaanza kuota na kuziba sikio la ndani. Na kwa mdogo, mzunguko wa kichwa upimwe kila anaporudi kliniki, kwani maji yanaweza kujikusanya ubongoni taratibu. Hayo mawili nayaandika kwenye karatasi ya ruhusa kwa herufi kubwa, na namwomba mama anisomee kabla hajabeba mizigo yake.