Jumapili yangu: nani anapewa zamu kanisani

Watu wengi wanajua mchungaji Jumapili anahubiri, anabariki, basi. Ngoja niwaandikie Jumapili iliyopita ilivyoenda huku kwetu, usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) pembezoni mwa mji wa Moshi, na nisameheni nikikaa sana kwenye jambo moja, wenye ulemavu kushiriki na kupewa zamu za kuhudumu, maana ndilo ninalolibeba moyoni mwaka huu wote.

Saa kumi na moja alfajiri nimeamka, nimesali, nimepitia mahubiri. Yenyewe nilishayatuma wasapu tangu Ijumaa kwa mwalimu anayetutafsiria kwa lugha ya alama, kwa sababu jina kama Kapernaumu usipoliandaa itabidi ulitaje kwa vidole herufi moja moja na mhubiri huku keshafika mstari wa nne. Na sasa tunao wawili wanaopokezana kila baada ya dakika ishirini hivi, kutafsiri kunachosha akili kuliko watu wanavyodhani, mtu akisimama peke yake ibada nzima mwishoni anaanza kuruka maneno na anayepoteza ni yule aliyekuja kutafuta neno. Wote wanajitolea, wiki nzima wako darasani na watoto.

Saa kumi na mbili na nusu niko kanisani. Vijana wa zamu wanapanga mabenchi, wanaacha nafasi za viti mwendo katikati ya safu, sio nyuma mlangoni, mtu akae na familia yake kama wengine. Wakalimani wanasimama upande wa kushoto, sio dirishani, maana ukisimama dirisha likiwa mgongoni uso unakuwa giza, na kwenye lugha ya alama uso nao unaongea. Haya yote tulifundishwa na viziwi wenyewe, mmoja wao alisoma shule ya viziwi ya Mwanga, ile ya KKKT, alikuja akatupanga kanisa zima kwa mikono yake.

Saa moja, ibada ya kwanza. Mlangoni anayepokea washarika ni dada mmoja anayetumia kiti mwendo. Siku ya kwanza alipopewa zamu, kitambaa cha zamu begani na tabasamu lake lile, bibi mmoja alifika akafungua kanga akatoa mia tano akamwekea mkononi. Bibi wa watu hakuwa na ubaya wowote, alimpa kwa upendo kabisa. Dada akamwambia, shikamoo bibi, asante, sadaka inatolewa kule mbele, karibu nikuonyeshe pa kukaa. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu na nililia, siwafichi. Yaani miaka yote tumewafundisha watu kwamba mlemavu kanisani ni wa kupewa, hatujawafundisha kwamba naye anatoa, anahudumu, anakukaribisha wewe mwenye miguu miwili. Leo bibi huyohuyo akifika anamtafuta kwanza yeye, wanasalimiana weee mpaka foleni inasimama.

Na angefikaje mlangoni bila ile njia ya mteremko? Fundi mmoja wa umoja wa vijana alijitolea kuijenga, mwanzoni wazo lilikuwa mita mbili tu ili isile bustani. Lakini kipimo kinachotakiwa ni sentimita 12 za kwenda mbele kwa kila sentimita moja ya kupanda, na ngazi zetu tatu zina sentimita 45, kwa hiyo ni mita tano na nusu hivi. Bustani ikahamishwa. Ukiifanya fupi inakuwa mlima, mtu lazima asukumwe, na anayesukumwa kila Jumapili anaanza kuona aibu kuja.

Saa nne, ibada ya pili, hii ndiyo ya wakalimani. Neno lilikuwa Marko 2, yule mwenye kupooza na wale wanne waliotoboa dari. Huwa tunawasifu wale wanne, na ni sawa, lakini nikawaambia washarika watazame mwisho wa habari, yule mtu anaambiwa ajitwike godoro lake aende, yaani anapewa mzigo wake mwenyewe abebe. Viziwi wakapunga mikono juu, ndiyo makofi yao, na watoto wa Sunday school wakawaiga. Kwenye Chakula cha Bwana tunashuka na mkate na kikombe kwa wasioweza kupiga magoti, na tunaanza na hao. Liturujia tumechapa pia kwa herufi kubwa, wenye ualbino wengi macho yao yanaona kwa shida, halafu hiyohiyo wazee wameigombania.

Saa sita, mnada wa sadaka nje. Ndizi, mayai, parachichi, jogoo mmoja mkali. Bei inaandikwa ubaoni kwa chaki kila inapopanda, kiziwi ananyoosha mkono anapanda dau kama kila mtu. Kijana mwenye ualbino ndiye mshika ubao, amewekwa chini ya mwembe, kofia pana na mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapahapa Moshi. Jogoo kaenda elfu thelathini na tano!

Saa nane, kikao cha wazee wa kanisa. Mzee mmoja kaleta hoja kwamba mtoto mwenye ulemavu wa akili anapiga kelele wakati wa mahubiri, mama yake akae naye ofisini asikilizie kwenye spika. Nilimwambia kwa heshima, baba, kelele zake ndiyo amina zake, na yule mama akishafungiwa ofisini wiki mbili ya tatu hatumwoni tena. Tukajadiliana sana, hawakukubali wote. Tukakubaliana wamama wawili wa zamu wakae naye benchi moja, akitaka kutoka atoke, akitaka kurudi arudi. Jingine, wanaojitolea warudishiwe nauli. Mtu anatoa muda wake na nguvu zake, tusimfanye alale njaa kwa ajili ya kumtumikia Mungu, tukifanya hivyo watakaobaki kuhudumu ni wenye magari tu.

Saa kumi jioni nilienda kumpa Chakula cha Bwana mzee aliyepata kiharusi, miguu haijarudi ila sauti ipo. Yeye kila Jumatano anapiga simu kwa wagonjwa wote wa usharika anasali nao, daftari lake lina majina ambayo mimi mwenyewe sikuwa nayo. Nikamwachia majina mengine matatu na vocha.

Saa mbili usiku naandika ratiba ya wiki ijayo. Meseji imeingia, baba mmoja anauliza kama kijana wake mwenye ulemavu wa akili anaweza kushika kapu la sadaka. Nimemwandika ibada ya kwanza, safu za kulia, pamoja na mama mmoja mzoefu, nimemjibu baba yake amlete Jumamosi saa kumi tufanye mazoezi, na avae lile shati la kwaya analolipenda.