Kovu la Msimu wa Maembe

Juzi nilikuwa nimekaa barazani namenya embe dodo, kikoi kimepanda juu ya magoti, binti yangu alipoweka kidole juu ya kovu lililo kwenye paja langu la kushoto na kuniuliza kama niliwahi kupigwa risasi. Nilipomjibu kwamba lilikuwa jipu tu, alisikitika waziwazi.

Ilikuwa Desemba 1991, Muheza, kwa Bibi. Lilianza kama kipele, siku ya tatu likawa gumu na jekundu, siku ya sita sikuweza kukaa wala kulala ubavu. Bibi hakuhitaji uchunguzi: maembe yana joto, na mtoto anayeyala ovyo hutokwa na majipu. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipiga marufuku kuusogelea mwembe, na homa ilipopanda akanipeleka zahanati.

Ninachokiona hadi leo ni kile kisahani cha chuma chenye umbo la figo, na ndani yake kisu kidogo kikilia kila meza ilipotikiswa. Tabibu, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimweleza Bibi kwamba sindano ya ganzi haishiki vizuri penye usaha, kwa hiyo tutastahimili. Hilo neno “tutastahimili” lilinitisha kuliko kisu, kwa kuwa nilijua wazi ni nani kati yetu watatu atakayestahimili. Bibi alinikandamiza mabega kwa mikono iliyonuka vitunguu. Niligeuza uso ukutani, nikamwona mjusi ametulia kichwa chini, nami nikaapa kutomwondolea macho. Ulikuja ubaridi wa spiriti, kisha mkato mmoja mfupi, kisha kitu cha moto kikatiririka hadi nyuma ya goti, na maumivu ya siku sita yakaniachia kwa ghafla hivi kwamba nilicheka huku bado nalia. Mjusi hakujitikisa. Tabibu alikamua, akatoa kiini, akaingiza shashi ndani ya shimo, na alipokwisha kufunga bandeji aliniinamia na kuninong’oneza, Bibi asisikie: “Pua unachokonoa?”

Sikumjibu.

Swali lile nilikuja kulielewa ukubwani. Vijidudu vya stafilokoka, ambavyo Alexander Ogston, daktari mpasuaji wa Aberdeen, aliviona ndani ya usaha wa majipu mwaka 1880 na baadaye akavipa jina la Kigiriki la kichala cha zabibu kwa jinsi vinavyoshikamana, huishi juu ya ngozi zetu sote, na aghalabu havimdhuru mtu. Aina iliyo korofi zaidi, ile iitwayo aureus kwa rangi yake ya dhahabu, hukaa puani mwa takriban mtu mmoja kati ya watatu, mwenyewe asihisi lolote, hadi siku kidole kitakapoipeleka penye mchubuko. Yaani yawezekana kabisa kwamba adui yangu nilimlea mwenyewe, na nauli nikamlipia.

Niliporudi Muheza likizo moja nikamweleza Bibi haya yote, kwa majivuno ya msomi, ili kuyasafishia maembe jina. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: “Na huo mchubuko uliupatia wapi?” Nikakumbuka kaptula yangu fupi, mapaja yakisuguana na gome la mwembe, na utomvu uliokuwa ukiniwasha hadi najikuna. Nilibadilisha mazungumzo.

Binti yangu naye alisikiliza hadi mwisho, kisha akataka kujua kama puani mwake vimo. Nilimwambia huenda. Alikitazama kidole chake, akaitazama embe, akanyoosha mkono kuchukua kipande. Nilimtuma akanawe kwanza, na alipokwisha kuingia ndani ndipo nilipojiuliza ni lini mimi mwenyewe niliyemenya nilinawa.